Wabishi Wamehama, Mfumwa Ananenepa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usinicheke kabla sijamaliza, mimi ni Aminieli wa milimani huku juu ya Gonja, kalamu siijui, huyu mwalimu wa kanisa ndiye ananiandikia, ila pembe naijua, nikiipuliza kuita watu kwenye msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kuzoa tope la ndiva, bwawa letu, ili maji yafike mashambani, tembo kule nyika ya Mkomazi wanadhani mkubwa wao kawaita. Sasa mfumwa wetu, ndiye chifu, tangu Mwingereza amkalishe vizuri kwenye kiti, kaugeuza msaragambo uwe wa kulima kahawa yake, anayebisha viboko, basi wabishi wakasema tumwachie nchi yake tuone atamtawala nani, wakashuka mlima mmoja mmoja, huyu kwenye mkonge Tanga, yule Mombasa, na Melkizedeki, mtani wangu tangu tunachunga mbuzi, akaenda Taveta. Walidhani mfumwa atalia. Mshauri, amenenepa. Barazani kimya, tumebaki wazee na akina mama, na mimi nikipuliza pembe najibiwa na mwangwi tu, nikilala naota Melkizedeki ananitukana, naamka nikiwa na furaha, halafu nakumbuka hayupo. Juzi nikamuaga mfumwa kwamba namfuata Melkizedeki, nikijua atanizuia, akacheka: "Nenda, mzee wangu. Nitakupa na mtu wa kukubebea mzigo." Niende, au nibaki?

Mzee Aminieli, shikamoo. Hao tembo waache wapumzike. Pole kwa upweke, lakini mtawala anayetoa mtu wa kukubebea mzigo uondoke, unadhani anakupenda? Mlidhani mnamkomoa, kumbe mmemfagilia baraza. Huko Taveta mtakaa wawili mkimsema mtu asiyewasikia. Usihame. Nenda ukatembee, urudi. Ndiva lazima izolewe tope kabla ya vuli, na hakuna mfumwa awezaye kumfukuza Mpare aliyerudi kwa kazi hiyo. Wapelekeeni habari wa Tanga na wa Mombasa, waje siku moja. Mkimaliza msitawanyike, nendeni barazani na matope yenu miguuni, mkamwambie kahawa yake alime mwenyewe. Aliwachapa mmoja mmoja. Wote pamoja atawachapa na nani? Na ukifika kwa Melkizedeki, usimhubirie mambo ya nchi, na usianze kujisifu. Mwambie umemkumbuka. Kisha nyamaza, umwache afunge mzigo wake.