Chungu Chini ya Kitanda

Mhezi, Upare
Jumatatu, 8 Oktoba 1951

Mdogo wangu Eliufoo,

Najua ukifungua tu karatasi hii utasema shikamoo dada. Basi marahaba, marahaba sana mtoto wa mama. Hujambo? Susana hajambo? Mguu wake umepungua uvimbe, au bado anaufunga majani na kukataa kwenda kwa daktari? Sisi huku tu wazima wa kuonekana. Mbuzi mweupe kazaa mapacha. Makande ninakula, ila usingizi siupati.

Utashangaa mwandiko. Siku zote huniandikia mjukuu wangu Rogathe, herufi zake zimepangwa kama ushanga. Safari hii naandika mwenyewe. Shule sikukaa hata siku moja. Hizi herufi nilizipata kwenye mafundisho ya ubatizo, mtoto mgongoni, basi ukizikuta zimelala upande nisamehe. Maneno haya siwezi kuyapitisha kinywani mwa mtoto. Na wewe ukimaliza kusoma, tia karatasi motoni.

Eliufoo, naogopa. Mwaka wa mbiru, ile kodi tuliyoikataa, wanawake tulipoteremka Same kumkabili Bwana Shauri, mzungu wa wilaya, wewe ulijificha nyuma ya tangi la maji la stesheni, mimi nikaimba mpaka sauti ikakauka. Sikuogopa. Leo nawaogopa majirani ambao watoto wao nimewapokea kwa mikono yangu wakizaliwa.

Chemchemi ya baba inakufa. Zamani tulikuwa tukiziba ndiva, bwawa letu, jioni, asubuhi imejaa pomoni, tunafungulia maji mashamba yote ya chini. Sasa asubuhi maji yanafika kwenye goti la mtoto, nayo ni ya tope. Zebedayo, mnjama wetu, mzee wa baraza, yule wa kukohoa mara tatu kabla ya kusema neno, alikwenda kupindua mawe ya chemchemi, huku nje ya msitu. Hakukuta kaa hata mmoja. Wewe unajua walivyo kaa wale kwetu. Ndio wanaofukua macho ya maji, ndio wenyeji. Ulipomnyofoa mmoja mguu, baba alikuchapa wewe, akanichapa na mimi kwa kukutazama.

Basi Zebedayo katangaza kwamba wenyeji wametolewa, na aliyewatoa ni mchawi. Jumamosi hii kila mtu mzima atakunywa maji ya chemchemi mbele ya wote na kuapa kwamba hakuifanyia chemchemi ubaya, wala hamjui aliyeifanyia. Atakayesema uongo atavimba tumbo. Mchungaji alikataza. Zebedayo akamjibu kwamba mchungaji anakunywa maji ya mvua ya bati la kanisa, basi mambo ya chemchemi awaachie wenye kiu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mungu ninamwamini na maji yale ninayaogopa, yote mawili kwa pamoja, na usinihubirie.

Kabla ya kiapo wanapekua nyumba. Jana walimkuta Eliaichi wa bondeni na mizizi yake ya tumbo, ile ile aliyowachemshia wake zao wakapona. Leo kisimani wanawake walimwondokea, akabaki na mtungi wake, hana wa kumtwika. Nilimtwika mimi. Nikageuka kutazama nani ananiona, maji yakamwagikia shingo yake. Upande wetu watapekua keshokutwa.

Sasa nikwambie habari ya mzungu aliyekuja mwezi wa sita, wakati watu wamehamia mashamba ya Kisiwani, kule tambarare, kuvuna. Alipanga nyumba ya misheni, akawa anaokota vyura, vinyonga na samaki wadogo na kuwatia kwenye chupa na masanduku ya kioo. Tukamwita Bwana Chupa. Mimi nilikuwa nikimpelekea maziwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunja mawe, lakini tulielewana. Alisema kwao, ng'ambo ya bahari, kuna mji wenye bustani kubwa ya wanyama, na ndani yake nyumba nzima ya vioo na maji, na watu wanatoa kiingilio wakatazame samaki. Nikamwambia hao watu hawana kazi za kufanya. Akakubali kwamba wengine ni kweli hawana. Kisha akasema wako humo viumbe ambao kwao kumekatwa, kumechomwa, kumekauka. Wanatunzwa wazae, ili siku moja warudishwe.

Nilimwuliza kama amewahi kumrudisha hata mmoja. Akasema bado. Akasema wanajaribu. Kwa jibu hilo nilimwamini kidogo, maana mwongo angeniambia mia.

Wakati ule nilikuwa nimekwisha kuona jambo. Mbuzi alinipotea akaingia msituni kwa baba, juu ya chemchemi, pale ambapo hatuingii wala hatukati hata fimbo. Nikamfuata. Ile miti mikubwa miwili iliyoinamia maji haikuwapo. Palikuwa na visiki vibichi, shimo la kupasulia mbao, na vumbi la msumeno mpaka kwenye vifundo vya miguu. Udongo umeporomokea kwenye macho ya maji. Nilikuta kaa wamepanda juu ya mawe, wengine wamekufa, wengine wanatembea kama watu waliofukuzwa nyumbani usiku.

Nilikaa pale nikalia. Halafu nikafikiri mbegu. Mahindi mazuri hatuyali yote, tunayatundika juu ya moshi, mwaka mbaya ukija tunayo. Eliufoo, niliwakusanya mimi. Kumi walikuwa hai. Wanane nilimpa Bwana Chupa kwa mkono wangu huu, nikamwapisha aandike kwenye sanduku jina la chemchemi ya baba, ili huko wanakokwenda wajulikane kwao ni wapi. Aliandika, nami nikaisoma kila herufi. Wawili nilibaki nao. Maana bahari ni kubwa, na mzungu ni mtu tu, anaweza kufa njiani na masanduku yake.

Hao wawili wamo kwenye chungu chini ya kitanda changu. Nimewatilia mawe na mchanga kama nilivyomwona yeye akifanya. Maji nabadilisha nusu kila alfajiri, nawapa minyoo. Usiku wanakwaruza udongo wa chungu, na mimi navuta blanketi mdomoni, nadhani kijiji kizima kinasikia. Wakifunua kitanda kile, nani ataniuliza habari ya mbegu? Mjane mzee, kaa wa chemchemi chunguni. Hata mimi ningeogopa kumtwika mtungi.

Na bado hilo silo linaloninyima usingizi.

Pale shimoni palisahauliwa ubao mmoja. Una chapa ya moto, samaki ndani ya duara. Niliichora chapa hiyo kwa mkaa kwenye sakafu yako mwenyewe, siku uliponiomba alama ya mbao zako, nikakuchorea na tukacheka kwamba Mpare, mtu wa milimani, anachagua samaki. Ulijua watu wote wako Kisiwani. Ulingoja hivyo. Ubao ule nimeuchoma, nikapikia makande, na makande yenyewe sikuweza kuyala.

Sikuulizi kwa nini. Una watoto, una nyumba ya kumalizia bati, najua. Nilikubeba mgongoni mama alipokuwa anakufa, na ningekubeba leo kama mgongo ungekubali. Lakini Jumamosi sitaapa kwamba simjui aliyeifanyia chemchemi ubaya. Na siwezi kukutaja mbele yao nikatazama wanavyokugeukia. Basi panda wewe kutoka huko chini. Njoo kabla ya Jumatano, kabla hawajafika kwangu. Tutakwenda kwa Zebedayo sote wawili, wewe na msumeno wako, mimi na chungu changu, kila mtu aseme lake. Watatutoza ng'ombe, watatutukana. Tutapanda miti. Usipokuja, nitakwenda peke yangu na chungu, nitasema langu, na wakiniuliza lako nitanyamaza. Unajua watakavyomwita mwanamke anayenyamaza.

Jana jike alijigeuza nikamwona tumboni. Amebeba watoto, wadogo kama punje za ulezi, hawahesabiki. Chungu hakitawatosha, Eliufoo.

Nimempa Salama muuza ndizi barua hii, naye hajui kusoma. Msalimu Susana, mwambie auache ubishi. Wabusu watoto vichwani, mmoja mmoja, kwa majina yao. Mlango sitaufunga kwa komeo tangu leo hadi utakapoingia.

Ni mimi dada yako anayekupenda na kukuogopea,

Raheli