Jembe ya Mama, Usiioshe

Walikale

Dada yangu Riziki,

Jambo sana, wewe na watoto. Mugongo wako umetulia? Papa wetu anakula, ao anaangalia tu sahani? Mimi niko. Mwili ni muzima, bugali na sombe ninapata. Zaidi ya hiyo sijui nikuambie niko namna gani.

Niliona maneno yako kwenye simu: matanga ya mama imeisha, familia inagawa vitu vyake, mimi ninataka nini, Biblia ao kitenge. Nilikawia kujibu. Usikasirike.

Ile siku ulinitumia habari ya kifo chake, tulikuwa na kampanye ya injili hapa, karibu na soko. Nikasoma, nikatia simu mufukoni. Pasta, mukubwa wa timu yetu, akanipa mikro, nikapanda jukwaani. Wanasema nilihubiri muzuri sana. Mikono mingi ikainuka, Pasta akaihesabu akicheka. Mimi sikusikia kitu ndani. Barabara ya kwetu Masisi ilifungwa ju ya vita na masasi ya bunduki, hata kuzika ningepita wapi? Mpaka leo sijalia. Watu wananipa pole, ninajibu aksanti, basi.

Kati ya ile mikono kulikuwa wa Mama Esperance, mujane mumoja anauza mihogo. Pasta akaninong'oneza, "Huyu tena! Huyu mama anaokokaka kila tukikuja!" Kesho yake nikamutembelea, maana tunafanyaka vile: tunapita kwa waliookoka, tunaomba nao, kiisha tunapanda camion, ile lori ya timu, tunaenda. Nikamukuta anamenya mihogo.

"Mama, juu ya nini unainuaka mukono kila mara? Si ulishaokoka?"

"Nilishaokoka zamani, muinjilisti," akasema, kisu hakikusimama. "Lakini siku ya kuinua mukono njo muntu anakujaka kwangu, anauliza jina yangu, tunaomba wawili. Kiisha munaenda. Nikibaki tu nimekaa, nani atakuja?"

Ee dada! Nikatafuta kisu, nikamenya naye.

Timu ilipoenda, niliomba Pasta ruhusa ya kubaki nyuma majuma kidogo, na tangu pale ninamufuata kwenye shamba yake. Tunalima, tunaongea neno ya Mungu polepole. Aliniuliza kama muntu anaweza kuombea wale walichoma nyumba yake, ao ni uongo ya mudomo tu. Kwenye mikro ningejibu haraka. Pale nikasema sijui, tujaribu. Akaanza kuomba, akakataa kuendelea katikati, tukarudilia majembe. Juma iliyofuata akaendelea kidogo. Siku hizi majirani wake wanakuja pia.

Unakumbuka mama na darasa yake ya ubatizo? Aliwafundishia wanafunzi mu shamba ya maharagi, kule juu, eti kwenye benchi watu wanasinzia. Mimi nikamucheka: "Mama, kila mwaka wewe na watu wale wale, mimi ninahubiria soko nzima!" Akanijibu, "Zalisha tu, baba. Lakini usiniletee wote kulea, niko na mugongo moja." Ukacheka mpaka ukaketi mu udongo.

Juma iliyopita kampanye ikarudi. Pasta akaita watu wainue mikono. Mama Esperance alikuwa mbele kabisa, mikono kwenye magoti, hakusimama. Majirani wake vile vile. Pasta akanikasirikia: "Umefanya nini na watu wangu? Mikono iko wapi?" Nikasema hawa walishaokoka, sasa wanajifunza. Akaniambia camion inaenda Masisi Jumatatu, barabara imefunguka kidogo. Nikipanda, nitaona kaburi ya mama. Nikibaki, timu hainijui tena.

Nimebaki, dada. Najua itakuuma, na uko na haki ya kukasirika. Kama ningekuja na ile camion, ningehubiri kwenu siku moja, ningesimama kwenye kaburi kama mugeni, kiisha wangeniita tuende. Nitakuja peke yangu, kwa miguu kama inaomba miguu, mihogo ya hapa ikishapandwa.

Jana Mama Esperance akaniuliza, "Mama yako aliitwa nani?" Hakuna muntu hapa alikuwa ameniuliza. Nikasema Vumilia. Sikulia, lakini niliacha kulima, nikaketi mu udongo, na yeye akaweka jembe chini akaketi na mimi.

Usalimie Papa, umwambie ninaomba anisamehe na ale. Usalimie shangazi aliyesaidia mama kutulea, na shemeji mwalimu, na mama mukwe wako pale Kirotshe, umuulize kama dawa ya hospitali inamusaidia.

Biblia umupe mutoto wako mukubwa, anajua kusoma muzuri. Kitenge ni yako. Mimi ninataka jembe ya mama, ile ya mupini mufupi. Papa Kambale wa Butembo, mwenye duka anayekuletea hii barua, ataniletea kwa camion yake. Ikiwa iko na udongo ya kwetu, usiioshe.

Mudogo wako,
Baraka