Korosho Nzima Chini ya Kifuniko

Witness, acha kila kitu usome. Posa ya Restuta imevunjika sasa hivi, hapahapa barazani kwao Mitole!

Na aliyejichongea ni yeye mwenyewe. Mama yake Valerian, mchumba wake, aliuliza tu kwa nini Restuta alipong'olewa jino alitoka damu siku tatu. Badala ya kudanganya kama watu wote, akaanza kumweleza alivyoambiwa na daktari!

Akaokota korosho mbili sahanini, nzima na mbovu. Eti kila mwanamke ana kromosomu X mbili. Kila seli huipiga moja muhuri wa kemikali, kitu kinaitwa methili, ikazimika. Nyingine ndiyo hufanya kazi. Yake moja ina kasoro, haigandishi damu. Akaifunika ile korosho nzima kwa kifuniko cha soda. "Seli zangu nyingi zimeizima hii nzuri."

Mama Valerian akacheka. Akacheka, Witness! "Yaani hata mwili wako, ulipopewa kizuri na kibovu, ulikizima kizuri. Sisi tukuchague kwa lipi?"

Tukamgeukia Valerian. Dume zima, anatazama vidole vya miguu.

Restuta hakulia. Akasema taratibu, "Mama, mwanao ana X moja tu, nayo kaitoa kwako. Hana hata ya kubadilishia."

Kisha akaifunua korosho nzima, akaila. Ile mbovu akamwekea Valerian kiganjani.

Na Valerian, shoga yangu, akasema asante.