Mita Tisa kwa Sekunde

Mwenzangu, leo nimeumbuka! Nimejifungia chooni hapa kazini.

Yule mfanyakazi mpya wa kitengo chetu kawasilisha ramani ya upepo wa kile kilima tunachotaka kuweka mitambo ya umeme wa upepo. Bosi anamwita "fundi"! Mimi miaka mitatu naendesha modeli ya kompyuta ya kukadiria hali ya hewa, sijawahi kupigiwa makofi.

Wivu ukanipanda. Nikasimama mbele ya wote: "Mita tisa kwa sekunde? Upepo mkali hivyo umeuokota wapi?"

Akanijibu taratibu, "Hiyo namba ni ya ripoti yako, dada."

Ripoti YANGU!!

"Ukurasa unaofuata nimeirekebisha kwa vipimo vya mnara wa kupimia upepo kule kilimani," akasema. "Sikutaka kukutaja."

Hakutaka kunitaja, unasikia? Bora angenitukana. Sasa hata kwa wema kanizidi!