Mama Mkubwa Alipomsemesha Paka

Wanangu,

Wali uko kwenye sufuria. Upasheni moto, kisha zimeni gesi. Mlango wa nyuma ufungwe kwa komeo.

Mlicheka asubuhi, lakini mama yenu mkubwa hana wazimu. Katika dhehebu tulilokulia, aliyetoka hasemeshwi, hata na ndugu wa tumbo moja. Ndiyo maana alisimama mlangoni akamwambia paka: "Paka wee, mwambie mwenye nyumba baba amezidiwa. Anataka kuimbiwa, na sauti ya pili haina mtu."

Nami nikamwambia paka: "Mjibu kwamba naja." Nusura tucheke sote wawili. Mpeni maziwa, utarishi si kazi ndogo.

Sijutii kutoka. Ila nazikumbuka jioni zetu. Redio na kinanda vilikuwa haramu, basi baba alitupanga ukutani, dada sauti ya kwanza, mimi ya pili, naye akitushikia besi mpaka vikombe vikatetemeka kabatini.

~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi kesho. Nitasimama nje ya dirisha lake, maana ndani siruhusiwi. Wamekatazwa kusema nami. Kuimba nami, hakuna aliyekumbuka kukataza.

Mama yenu