Shati la Afande Kwenye Kamba Yangu

Bwera, Uganda, Ijumaa, 1974. Mvua imekatika ila mawingu bado yamekaa mlimani, na mimi siwezi kutulia. Nakaa kwenye cherehani, nainuka, nachungulia nje, narudi. Sijashona hata pindo moja.

Mbuzi wa jirani yangu Biira analia mlangoni kwangu.

Chanzo ni shati. Askari mmoja aliniletea shati lake la jeshi nilitie kiraka kwenye kiwiko, kisha hakurudi. Wanasema kikosi chake kilihamishwa. Siku hizo wezi walikuwa wamenichosha: kuku, sufuria, hata kitenge kilichokuwa bado kinachuruzika maji. Mimi mjane, tena mgeni kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, nani angeniogopa? Nikalifua lile shati, nikalianika mbele ya nyumba. Tangu hapo kila wiki nalifua tena, hata kama ni safi.

Wezi wakakoma. Jamani, wakakoma kabisa! Na si wao tu. Kisimani wanawake wakaanza kunipisha nichote kwanza. Sikumwambia mtu kwamba nina bwana askari, ila sikukanusha pia. Nilifurahi, nijidanganye ya nini?

Leo mchana Biira amekuja akapiga magoti kizingitini. Jana mumewe alikamatwa mpakani na gunia la kahawa ya magendo, akapelekwa kambi ya jeshi. Sote tunajua watu wa kule wanavyorudi, wakirudi.

"Mama fundi, ambia afande wako anirudishie bwana yangu," akasema. "Hata kama wamemupiga, arudi tu."

Nikamwinua, nikamweleza yote, tangu kiraka mpaka wezi.

"Biira, hapa hakuna afande. Iko shati tu."

Akaitikia kwa adabu, akaondoka. Nikadhani ameelewa. Kumbe alikwenda kumleta mbuzi, yule yule anayemkamulia mtoto wake maziwa, akamfunga mlangoni kwangu. Alidhani nimemkatalia kwa sababu alikuja mikono mitupu. Nilipomrudishia kamba hakuipokea. Akaniomba msamaha.

Eti mimi ndiye wa kuombwa msamaha!

Najichukia leo. Nimeliingiza shati ndani, halafu nikaogopa zaidi. Wezi watarudi, sawa. Lakini mtu akijua hakuna afande, akinichongea kwamba nimeficha nguo ya jeshi, nami nitapelekwa kulekule.

Jioni hii nimemkamua mbuzi, nikampelekea mtoto maziwa. Nilitaka kumwambia Biira ukweli tena, polepole, mpaka uingie. Nikamkuta amekaa chini, macho yamevimba, na mdomo wangu ukasema kesho nitakwenda kambini. Nitakwenda kweli. Sijui nitamwona nani, wala nitasema mimi ni nani.

Biira hakuuliza. Aliacha kulia palepale, akavuta kisu, akaanza kumenya ndizi za kumpikia mumewe akirudi.

Nikirudi peke yangu, nitapitia njia gani nisipite mlangoni kwake?