Renatus Mmoja Anatosha

Sakina, Arusha

Mama,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Na migomba huko Bukoba, imestahimili upepo? Huku tu wazima, ila baridi ya Meru mwezi huu haina adabu. Tangu tupunguzwe kiwandani nauza mitumba sokoni Kwa Mrombo, na makoti yanatoka vizuri.

Barua yako nimeipata. Umesema huyu mtoto mchanga tumbatize Renatus kama mimi, ili Ishengoma wetu tuliyemzika mwaka jana awe amerudi. Nilimsomea mkweo akiwa ananyonyesha. Akasema, "Baba Ishengoma, huyu ana macho yake mwenyewe. Mwambie mama asinikasirikie, lakini mimi nimezaa wawili." Kisha akalia, nami nikalia, barua yako mkononi.

Nikaenda kumuuliza padre wa hapa kuhusu jina langu. Kumbe ni jina la Kilatini, maana yake aliyezaliwa upya. Wakristo wa kale walilipenda kwa sababu ya ubatizo: anayezaliwa upya ni yule yule anayebatizwa, si ndugu yake. Baadaye, huko Ufaransa, ikazuka hadithi ya mtoto aliyekufa bila sakramenti. Miaka saba ikapita, askofu akamwombea kaburini, akafufuka, akaitwa Renatus. Wamisionari wakatuletea jina pamoja na hadithi yake. Nadhani katekista wetu alikusimulia hiyo ya kaburi, wakati ule una uchungu wa kufiwa na kaka yangu, kabla sijazaliwa.

Mama, mimi sikufufuka. Ulikuwa ukinipeleka kwenye lile kaburi dogo migombani na kuniambia, "Ulilala hapa, ukarudi." Sijawahi kukuambia kwamba niliogopa hata kufumba macho kitandani. Nikikataa uji, ulisema zamani niliupenda. Aliyeupenda ni yeye. Mimi siupendi mpaka leo.

Sikulaumu. Siku ile namfukia Ishengoma nilielewa ulichokuwa unatafuta. Hata huyu mdogo alipozaliwa, nilimtafuta mwenzake usoni mwake, na hakuwemo. Iliniuma sana, mama.

Kwa hiyo nakuomba radhi. Mitumba nauza, lakini mwanangu nataka apate jina ambalo halijavaliwa na mtu wa kwetu. Ubatizo ni Noeli, na bila baraka yako sitakuwa na raha.

Nisalimie shangazi, mdogo wangu na mumewe, na mzee katekista, usimgombeze.

Jambo moja tu. Kaka yangu aliitwa nani? Nyumbani hakuna aliyewahi kumtaja kwa jina, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa yeye. Novemba padre atasoma kanisani majina ya marehemu wetu. Kwenye karatasi nimeandika Ishengoma, na juu yake nimeacha mstari mmoja wazi. Niandikie hilo jina, hata kama hutaandika neno jingine.

Ni mimi, mwanao wa pili,
Renatus